Mwili Tunaofundishwa Kuuona

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Seme na Asembo hadi Homa Bay, bado wapo wazee wachache ambao wakicheka huonekana pengo pana mahali pa meno sita ya mbele ya taya la chini. Meno hayo hayakuanguka kwa ajali wala kwa ugonjwa. Yaling'olewa walipokuwa vijana wadogo, katika desturi ambayo Waluo huiita nak, na kijana aliyeyastahimili maumivu yake bila kulia aliingia katika hesabu ya watu wazima. Kwa kizazi hicho, kinywa kilichojaa meno yote kilikuwa kinywa cha mtoto. Mjukuu wa mzee kama huyo, anayefanya kazi Kisumu mjini, akivunjika jino moja tu la mbele huona aibu kuzungumza mbele ya watu hadi atakapotiwa la bandia. Taya la babu na taya la mjukuu yameumbwa sawasawa. Kilichobadilika ni jamii iliyowafundisha wawili hao kinywa kizuri ni kipi, na mabadiliko hayo yalitokea katika muda usiozidi karne moja.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hakuna anayeutazama mwili, wake au wa mwenzake, kwa macho ambayo hayajafunzwa. Ukoo umeyafunza, kisha kanisa, shule, hospitali, soko na mahakama vikaongeza au kupunguza, na kwa kuwa mafunzo hayo huanza kabla mtoto hajajua kuuliza maswali, anapokuwa mtu mzima huyachukulia kuwa ndiyo maumbile yenyewe. Magharibi mwa Kenya panafaa sana kulielezea jambo hili, kwa sababu jamii zenye mitazamo inayotofautiana kuhusu mwili zimekaa huku zikipakana, zikioana na zikigombana kwa muda mrefu, na kwa sababu mabadiliko makubwa yametukia ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai.

Ziko njia mbili za kulikosea jambo hili, na zote mbili husikika kila siku. Ya kwanza hudai kwamba mwili ni maumbile tu, na kwamba uzuri, utu uzima, uanaume na uanamke ni mambo yaliyo wazi kwa kila mwenye macho. Ya pili, inayopendwa zaidi na wasomi, hudai kwamba yote hayo ni fikra tu, kana kwamba mwili ni karatasi tupu ambayo jamii huandika chochote ipendacho. Dai la kwanza linashindwa kueleza habari ya meno sita. La pili linashindwa mbele ya kisukari, uchungu wa uzazi na uzee, ambavyo havingoji maoni ya mtu yeyote. Ukweli ni mgumu zaidi kuliko madai hayo mawili: jamii haiishii kuupa mwili maana kutoka nje, bali huingia ndani yake na kuubadilisha mwendo, mkao na hata nguvu zake.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss alilieleza hilo katika mhadhara wa mwaka 1934, akisema kwamba hata vitendo tunavyovidhania kuwa vya asili kabisa, kama vile kutembea, kuogelea, kulala na kuchimba, hufundishwa. Alikumbuka jinsi wanajeshi wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walivyoshindwa kuchimba kwa sepetu za Wafaransa, ikalazimu kubadilisha sepetu 8,000 kila divisheni ya nchi moja ilipopokea zamu kutoka kwa divisheni ya nchi nyingine. Mikono ya askari hao ilikuwa mikono ya binadamu, ila ilikuwa imejifunza chombo kimoja.

Mfano ulio bora kuliko huo unatoka kwetu. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa mwanafiziolojia Mkenya Maloiy na wenzake, waliopima nguvu zinazotumiwa na wanawake wa Kiluo, ambao hubeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu, ambao hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wenye uzito unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Kwa mtu asiyezoea, nguvu huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba siri ilikuwa katika mwendo: kila hatua ya wanawake hao iliihifadhi na kuirudisha nguvu ya hatua iliyotangulia kwa ustadi ambao watu wengine hawana.

Hakuna mwanamke aliyezaliwa na mwendo huo. Msichana huanza na kidumu kidogo akimfuata mama yake mtoni, maji yakimwagikia mabegani, na baada ya miaka mingi shingo, mgongo na nyonga zake huwa zimejifunza kazi ambayo mwanariadha hawezi kuiiga kwa juma moja. Hapa desturi imekuwa msuli. Lakini utafiti huo haukuuliza swali ambalo mimi naliona zito kuliko lile la nguvu, nalo ni kwa nini mafunzo hayo hupewa wasichana na kunyimwa wavulana. Katika vijiji vingi vya Nyanza mwanamume akionekana amejitwika mtungi wa maji kichwani atachekwa, na mwanamume huyo huyo akiyapakia maji hayo kwenye baiskeli hakuna atakayemtazama mara ya pili. Kisha watu hao hao watasema kwamba wanawake wameumbwa kubeba. Hivyo ndivyo jamii inavyofanya kazi yake: huufunza mwili, halafu hulichukua tunda la mafunzo hayo kuwa ushahidi wa maumbile.

Hata hivyo, katika eneo hili hakuna sehemu ya mwili iliyotwikwa maana nyingi na zinazopingana kuliko govi la mwanamume, na habari yake inastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, tohara hufanyika katika miaka inayogawika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti. Mvulana huzunguka kwa jamaa zake akicheza na kupiga kengele za mikononi ili kuwaalika, asubuhi ya siku yenyewe hupakwa matope ya mtoni, kisha husimama wima mbele ya umati na kukatwa bila kupepesa jicho. Akitikisika, aibu huwa ya ukoo mzima. Akisimama imara, huingia katika rika lake, mojawapo ya marika manane ambayo majina yake hurudi kwa mzunguko: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kuanzia siku hiyo kovu lake linaeleza umri wake, wenzake, na nafasi yake katika kikao chochote cha wazee. Kwa mtazamo huu, mwili ambao haukukatwa haujakamilika, hata kama mwenye mwili huo ana wake, watoto na mifugo.

Vuka mpaka uingie kwa Waluo, ukute jamii ambayo kwa vizazi vingi haikuwa na tohara wala haikuona pengo lolote katika kutokuwa nayo. Uanaume ulithibitishwa kwa njia nyingine, ikiwemo ile ya meno, na kwa mtu kujenga boma lake. Jamii mbili majirani zilitazamana hivyo, kila moja ikiamini kwamba miili ya wenzao ina kasoro, na kila moja ikiamini kwamba hilo ni jambo lililo wazi.

Halafu ikaja sayansi. Kati ya mwaka 2002 na 2006, jaribio kubwa la kitabibu lilifanyika Kisumu likiwashirikisha vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24. Nusu yao walitahiriwa mara moja na nusu wakaombwa wasubiri. Mnamo Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu matokeo yalikuwa yamekwisha kujitokeza: waliotahiriwa walikuwa wamepata virusi vya Ukimwi kwa kiwango cha chini kwa takriban nusu kuliko wale waliosubiri. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi yakapendekeza tohara ya hiari ya wanaume katika maeneo yenye maambukizi mengi. Kinga hiyo ilikuwa ya sehemu tu, na mpira wa kondomu ulibaki kuwa wa lazima, lakini pendekezo lenyewe lilimaanisha kwamba Nyanza, kwa kuwa ndipo maambukizi yalipokuwa mengi na tohara ikawa haba, ingeombwa ibadilishe mwili wa mwanamume wake.

Mwaka uliofuata ukaonyesha jinsi kisu kimoja kinavyoweza kubeba maana zisizoweza kukaa pamoja. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, wanaume wa Kiluo walikamatwa na magenge katika miji ya Nakuru na Naivasha na kukatwa kwa nguvu, kwa panga na kwa chupa, wengine wakakatwa uume wenyewe. Tume ya Waki, iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo, iliyachunguza na kuyaandika maovu hayo. Kabla ya hapo, katika kampeni za siasa, ilikuwa imesemwa waziwazi kwamba mtu asiyetahiriwa ni mvulana na hafai kuongoza nchi. Maneno ya majukwaani yakageuka majeraha katika miili ya watu waliokuwa majirani, wafanyakazi wa mashamba ya maua na wapangaji wa nyumba za jirani. Siwezi kuandika juu ya jamii na mwili katika sehemu hii ya Kenya nikaliruka jambo hilo, kwa sababu ndipo tunapoona kwa uwazi kwamba mtazamo kuhusu mwili si suala la ladha.

Miezi kumi baadaye, Novemba 2008, serikali ikazindua mpango wa tohara ya hiari ya kitabibu, Nyanza ikiwa ndiyo kitovu chake. Baraza la Wazee wa Waluo lilikuwa limepinga, na baada ya yale yaliyotokea Januari hakuna mwenye haki ya kushangazwa na upinzani huo. Viongozi wa kisiasa wa eneo hilo, akiwemo Raila Odinga aliyekuwa Waziri Mkuu, walijitokeza kuunga mkono, na hoja iliyoshinda ilikuwa ile ya kuiondoa tohara katika utamaduni na kuiweka katika afya. Hapakuwa na matope, nyimbo wala rika. Palikuwa na hema, ganzi, glavu na kadi ya kurudi kuonwa kidonda. Mamia ya maelfu ya wanaume walikwenda. Leo ukiwauliza vijana wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, kwa nini walitahiriwa, wengi watataja usafi, na wengine watasema wasichana wanapenda hivyo. Katika muda usiofika miaka 20, mwili uliokuwa wa kawaida umekuwa ule unaohitaji kuelezwa.

Wakati huohuo huko Bungoma hospitali zimeingia katika tohara kwa njia nyingine, maana wazazi wengi sasa huwapeleka wavulana kliniki. Kidonda ni kilekile na pengine ni salama zaidi, lakini yapo maeneo ambako kijana aliyekatwa kwa ganzi akiwa amelala kitandani hutaniwa na wenzake kwamba hakuwa mwanamume siku ile. Ukweli wa kitabibu haujafuta maana ya kijamii. Umekaa kando yake, na kijana hubeba vyote viwili.

Mahakama nayo ilitoa sauti yake. Mnamo 23 Januari 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliokuwa wakipima mashtaka katika mojawapo ya kesi mbili za Kenya walikataa ombi la mwendesha mashtaka la kuyahesabu matendo yale ya Nakuru na Naivasha kuwa ukatili wa kingono, wakayaweka chini ya matendo mengine ya kinyama. Sababu waliyoitoa ni kwamba si kila ukatili unaolenga sehemu hiyo ya mwili ni wa kingono, na kwamba ushahidi ulionyesha chuki ya kikabila na nia ya kuonyesha ubora wa utamaduni mmoja juu ya mwingine. Naheshimu uangalifu wa majaji, lakini naona walitenganisha vitu ambavyo watendaji wenyewe hawakuvitenganisha. Kwa aliyeshika panga, kabila la mtu na uanaume wake vilikuwa kitu kimoja, na alikitafuta pale alipofundishwa kwamba ndipo kilipo.

Kutokana na haya yote mtu anaweza kufikia hitimisho lisilo sahihi, kwamba kwa kuwa kila jamii hufundisha macho yake, basi hakuna jamii inayoweza kukosolewa. Wagusii wa Kisii na Nyamira wanatulazimisha kulikataa hitimisho hilo. Ukeketaji wa wasichana ulienea mno kwao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka 2011. Baada ya madhara ya kisu cha ngariba kujulikana, desturi hiyo haikufa mara moja. Sehemu yake ilihamia mikononi mwa wauguzi na wahudumu wa afya, ikafanywa kwa siri, kwa wembe safi, kwa wasichana wa umri mdogo zaidi. Hospitali ambayo Kisumu ilikuwa mlango wa kuokoa maisha ikageuzwa huku kuwa pazia. Mtoto wa miaka minane hawezi kukubali wala kukataa, na anachoondolewa hakirudi wala hakina faida yoyote kwa afya yake. Kujua kwamba mtazamo umefundishwa kunatupa haki ya kuuliza ni nani aliyeufundisha na ni nani anayeulipia kwa mwili wake.

Unene na wembamba vimepitia safari nyingine, isiyo na damu lakini yenye uchungu wake. Kwa Waluo, mtu aliyekonda bila sababu iliyojulikana alihofiwa kuwa na chira, ugonjwa unaomfuata aliyevunja miiko ya ukoo. Ukimwi ulipogunduliwa Kenya mwaka 1984 na kuenea katika miaka ya 1990, ulikuta macho yaliyokwisha kufunzwa kuusoma wembamba kama ushahidi wa kosa. Ndiyo maana aliyekonda kwa malaria, kwa kifua kikuu au kwa mawazo tu alinong'onezwa, akaepukwa, na pengine akafukuzwa nyumbani. Dawa za kupunguza makali zilipofika, miili ikarudi, ila si kwa kila mtu. Mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudine, iliwafanya baadhi ya wagonjwa wapoteze mafuta ya mashavu na miguu huku tumbo likiongezeka, na sura hiyo ikawa alama mpya ambayo majirani walijifunza kuitambua upesi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache kuitumia hatua kwa hatua. Kwa mgonjwa wa wakati ule, dawa iliyomwokoa ndiyo ilikuwa ikimtangaza sokoni Kibuye.

Ukiikumbuka historia hiyo, utaelewa kwa nini muuguzi wa leo anapata shida kumshawishi mama wa makamo apunguze uzito. Utafiti uleule wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kliniki za shinikizo la damu na kisukari zimejaa. Lakini mama huyo amezika dada na shemeji waliokonda. Kwake, nyama mwilini ni ushahidi kwamba mtu yu hai, kwamba mume wake anamtunza, na kwamba hakuna la kunong'onwa juu yake. Kumwambia kwamba hana elimu ya afya ni kumkosea. Ana elimu, na aliipata makaburini.

Binti yake yumo katika shule nyingine kabisa, ile ya picha za simu. Hatari ya shule hiyo ilipimwa mbali na hapa, katika visiwa vya Fiji, ambako mwili uliojaa ulikuwa ukisifiwa tangu zamani. Runinga ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule maswali kuhusu ulaji na miili yao muda mfupi baada ya runinga kufika, akauliza tena kundi jingine mwaka 1998: waliokuwa na dalili za uhusiano mbaya na chakula walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi asilimia 29.2, na kujitapisha ili kupunguza uzito, ambako hakukuwapo mwaka 1995, kulitajwa na asilimia 11.3. Yalikuwa makundi madogo, kama wasichana 60 kila mara, kwa hiyo tusiyatie chumvi matokeo hayo. Hata hivyo yanaonyesha jinsi mtazamo wa vizazi vingi unavyoweza kutikiswa kwa miaka mitatu, na jinsi msichana anavyoweza kuanza kuuchukia mwili ambao nyanya yake angeushangilia.

Kuhusu nguo nitakuwa mfupi, ingawa ni jambo ambalo watu hulibishania kwa ukali zaidi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu na kadi za posta kwa picha za watu wa Kavirondo, jina walilolipa eneo hili, wakiwaita watu walio uchi. Hawakujua kwamba mwanamke wa Kiluo aliyeolewa alivaa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa nyuma kiunoni, na kwamba kuonekana bila vazi hilo kulikuwa fedheha kubwa. Stara ilikuwapo, ilikuwa imewekwa mahali pengine mwilini. Misheni na shule, kama ile ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, zilihamisha stara hiyo hadi kwenye shati, kaptura na rinda, na katika vizazi viwili nguo ya kutoka ng'ambo ikawa ndiyo heshima ya Kiafrika. Kwa hiyo makundi ya wanaume yalipowavua nguo wanawake hadharani mwaka 2014 katika miji kadhaa ya Kenya kwa madai ya kutetea mila, yalikuwa yakitetea kipimo cha misheni kwa kutenda tendo ambalo mila zenyewe zingelitoza faini. Bunge lilijibu Desemba mwaka huo kwa kuongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mwingine nguo kwa nguvu.

Limebaki jambo moja ambalo wengi huliona kuwa msingi usiotikisika, yaani kwamba miili ni ya aina mbili, ya kiume na ya kike. Mwaka 2009 alizaliwa jijini Nairobi mtoto ambaye viungo vyake havikuwa dhahiri, na katika karatasi za hospitali, mahali pa jinsia, pakawekwa alama ya kuuliza. Kesi yake, iliyomtaja kwa jina la Mtoto A tu, iliamuliwa na Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu mnamo Desemba 2014, naye akaitaka serikali iweke utaratibu wa kuwatambua watoto kama hao. Sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawapa ulinzi wa wazi, ikiwemo kukataza wasibadilishwe wala kuondolewa viungo bila ushauri wa kitaalamu.

Miili hiyo haikuanza kuzaliwa mwaka 2009. Wakunga wa jadi wa magharibi mwa Kenya wamewasimulia wanahabari kwamba zamani mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa laana, na kwamba baadhi yao waliuawa papo hapo na mama akaambiwa mtoto hakuishi. Jamii iliyoamini kwamba kuna aina mbili tu iliendelea kuamini hivyo kwa sababu wa aina nyingine hawakuachwa waonekane. Baadhi ya wakunga hao sasa huwapeleka watoto hao hospitalini. Mama anayejifungua mtoto kama huyo leo Siaya au Kakamega ana sheria upande wake na sensa inayokiri kwamba mwanawe yupo, lakini akitoka wodini anarudi katika boma ambako mashangazi na majirani watamuuliza kwanza kama ni mvulana au msichana, na huko bado hakuna aliyewafundisha jibu la tatu.